Chupa Kumi na Mbili za Mchanga Mbele ya Geti

Asubuhi hiyo nilikuwa natoa gari kinyumenyume, kama nilivyofanya asubuhi nyingi kabla yake. Kioo cha kushoto majani, kioo cha kulia majani, kioo cha katikati barabara nyeupe. Nikaachia breki. Kilichonisimamisha ni kengele ya baiskeli, mlio mmoja tu, kisha sauti nyembamba: "Shikamoo!" Mtoto wa jirani, miaka saba, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa barabara, hatua chache nyuma ya bampa langu, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedeli, anasubiri niitikie.

Marahaba haikutoka. Nilizima gari, nikashuka, nikamvusha kwa mkono hadi upande wa pili, halafu nikarudi kuchuchumaa pale pale alipokuwa amesimama yeye. Kutoka hapo sikuliona gari langu. Niliona ua wa majani, mzito, wa kijani kilichoiva, ule ule ambao kila mgeni aliyeingia kwangu alikuwa hakosi kuusifia.

Jioni nilichukua futi ya kamba. Ua ulikuwa na kimo cha sentimita 140. Nilipoketi kwenye usukani na mke wangu akapima kutoka chini hadi kwenye jicho langu, ilikuja sentimita 112. Mtoto yule akiwa juu ya baiskeli yake hafiki hata 120. Yaani kwa muda wote huo nilikuwa nimepanda ukuta kati ya macho yangu na watoto wa mtaa mzima, nikaumwagilia na kuutilia mbolea.

Nieleze nilifikaje hapo, kwa sababu sikuwa mzembe. Nilikuwa na bidii nyingi, ila nilianzia mwisho.

Nyumba ilipokwisha, sehemu ya mbele ilibaki kama mafundi walivyoiacha: udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama sahani, vipande vya matofali, rundo la mchanga lililoota majani. Nilichora kwenye karatasi jinsi ninavyotaka kuingilia kwangu kupendeze. Nguzo mbili za mawe, geti la chuma katikati, miti miwili kama walinzi, maua yakipanda kulia na kushoto, njia ya vitofali vya pevingi ikiteremka hadi barazani. Mchoro ulikuwa mzuri kweli. Kasoro yake nimeiona baadaye sana: niliuchora nikiwa nimesimama barabarani, kama mpita njia anayetazama nyumba. Haukuwa na gari ndani yake. Haukuwa na mvua.

Mvua ndiyo iliyotangulia kutoa maoni.

Kiwanja changu kiko chini ya barabara kidogo, kama nusu mita hivi kutoka ukingo wa lami hadi mlango wa mbele. Fundi wa kwanza aliweka njia ikifuata mteremko ulivyokuwa, kutoka getini moja kwa moja hadi ukutani. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, barabara iliyaleta maji yake yote kwangu kama mtu anayeshusha mizigo. Yaliingia getini yakiwa na rangi ya chai, yakabeba matandazo yote niliyokuwa nimetandaza kwenye mashina, yakayasukuma hadi barazani na kuyaacha yamejipanga mstari kwenye ukuta. Ule mstari uko hadi leo chini ya rangi mpya. Ukitazama kwa pembeni jua likiwa chini, unauona.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu asiyependa kuharakishwa, alikuja na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji. Ncha moja aliishika yeye kwenye ukingo wa lami, nyingine akanipa mimi niishike kwenye msingi wa nyumba. Tukasubiri maji yatulie, maana ncha zote mbili husimama kwenye usawa mmoja.

"Haya mzee, soma hapo," akaniambia. "Maji yako yamesimama wapi?"

Nikasoma. Akasoma na wa kwake. Akatikisa kichwa.

"Hapa hujajenga njia ya gari. Umejenga mfereji, halafu ukaupandia maua."

Tiba ilikuwa ya sehemu mbili. Kwanza, pale mdomoni kabisa, njia inapoungana na barabara, tuliinua udongo ili pawe na mgongo mdogo ambao maji ya barabarani hayawezi kuuvuka. Pili, kabla njia haijafika nyumbani, tulikata mfereji wa kukingama, upana wa kiganja na nusu, ukafunikwa kwa wavu wa chuma, maji yakapelekwa pembeni kwenye shimo lililojazwa mawe. Kati ya hapo njia yote ikapewa mwinamo wa kuelekea upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita. Mwinamo huo huuoni kwa jicho, wala mguu hauusikii, lakini maji yanaujua.

Kwenye ule mgongo wa mdomoni nilifanya kosa jingine ambalo nalisimulia kwa sababu nimeliona kwa watu wengi. Niliutaka mfupi na uishe haraka, ili usile nafasi. Ukawa mkali kama tuta la barabarani. Siku ya kwanza kuuvuka, gari lilikwaruza tumbo kwa sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Mzee alirudi, akaubomoa, akaurefusha: kimo kile kile cha sentimita 12, ila sasa unapanda kwa mita mbili na kushuka kwa mita mbili. Gari linapita na chai ya kwenye kikombe haimwagiki.

Kuhusu mtaro wa barabarani niseme moja tu, na ninalisema kwa aibu. Kabla sijaweka kalvati, yaani bomba la kupitisha maji ya mtaro chini ya njia, nilijaza kifusi kwenye mtaro pale mbele ya geti ili gari lipite "kwa muda." Muda huo ulikuwa wa miezi minne. Mvua ikaja, maji yakakosa njia, yakageukia kwa jirani wa juu yangu. Alikuja kunigongea usiku akiwa amekunja suruali hadi magotini. Hakunitukana, na ningeona afadhali angenitukana. Mtaro ule si wangu, upo kwenye eneo la barabara, na mtu anayetaka kuuvuka anatakiwa kwanza kuzungumza na mamlaka inayoisimamia barabara hiyo, aambiwe bomba la kipenyo gani na liwekwe kina gani. Nilikwenda baadaye. Haikuwa kazi ngumu kama nilivyojiaminisha.

Baada ya maji, magurudumu.

Kwenye kona mbili za kuingilia nilikuwa nimepanda vichaka vidogo vya maua mekundu, vimekaa vizuri kama mkufu. Kile cha kulia kilikuwa hakikui. Kila wiki kilikuwa kimelala, kimepondeka upande mmoja. Nikawatuhumu mbuzi. Nikawatuhumu watoto wa mpira. Nikaweka jiwe kubwa lililopakwa chokaa kulinda kichaka changu, na siku tatu baadaye nikalipanda mwenyewe kwa tairi la nyuma, nikachana ubavu wa tairi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo dereva yeyote wa lori angenieleza bure: gari linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati yalikopita ya mbele. Yanakata kwa ndani. Dereva anaitazama pua ya gari ikipita salama, kumbe nyuma inafupisha njia. Gari likiwa refu, ndivyo linavyokata zaidi.

Jumamosi moja nikakusanya chupa kumi na mbili za plastiki, nikazijaza mchanga, nikazipanga kando ya kuingilia mahali nilipodhani ukingo unafaa kuwa. Kisha nikamwaga maji barabarani ili matairi yalowane na kuacha alama. Nikaingia kutoka kulia. Nikaingia kutoka kushoto. Nikatoka kinyumenyume. Nikamwomba shemeji aje na gari lake ambalo ni refu kuliko langu. Kila chupa iliyoanguka tuliisogeza nje, tukarudia. Watoto walikuwa wamekaa ukutani wanashangilia kila chupa inapopigwa. Jua lilipozama tulikuwa tumepata umbo, na halikufanana kabisa na mchoro wangu. Mimi nilikuwa nimechora njia iliyonyooka, upana mmoja kutoka barabarani hadi ndani. Chupa zilionyesha kitu kinachopanuka kuelekea barabarani kama mdomo wa baragumu: mita 3 na nusu kwenye geti, na karibu mita 6 inapogusa lami.

Tena chupa zilinionyesha kwamba geti lenyewe limekaa pabaya. Lilikuwa mita 2 tu kutoka ukingo wa barabara, na gari langu lina urefu wa mita 4 na nusu. Nikisimama kusubiri kufunguliwa, makalio ya gari yalikuwa barabarani kwa wenyewe. Nilikuwa nimeshazoea kupigiwa honi kiasi kwamba nilidhani ni hasira za watu tu. Kulirudisha geti nyuma hadi mita 5 kuliniuma, kwa kuwa ilimaanisha kubomoa nguzo ambazo mawe yake niliyachagua moja moja. Lakini ile nafasi iliyopatikana mbele ya geti ndiyo imekuwa bustani yenyewe. Zamani nilikuwa na vipande viwili vya udongo vilivyobanwa kati ya nguzo na barabara. Sasa nina mbawa mbili pana, kila moja inaweza kupandwa kitu na kikaonekana.

Upana wa geti nao ulitufundisha. Lile la kwanza lilikuwa mita 3 kasoro kidogo, na kwa gari dogo linatosha sana. Siku tulipoletewa samani kwa lori, dereva alitazama, akakunja vioo vyake, akapita na nafasi ya shubiri moja kila upande, kisha tela la nyuma likaondoka na taa yangu ya nguzo ya kushoto. Lori la kawaida lina upana wa karibu mita 2 na nusu bila vioo. Gari la zimamoto ni hivyo hivyo, na hilo si gari la kuliambia likunje vioo kwanza.

Vitofali. Mwaka wa kwanza vilikuwa tambarare kama meza. Mwaka wa pili vilikuwa na mifereji miwili, sambamba, upana wa tairi. Nililaumu vitofali, nikasema nimeuziwa vibovu. Mzee aling'oa vinne kwa bisibisi, akachimba chini yake kwa mkono, akanionyesha kilichokuwa hapo: mchanga wa unene wa kidole, na chini ya mchanga udongo mtupu wa shambani. Vitofali havikuwa na tatizo lolote. Vilikuwa vimezama tu, kama mtu aliyekalia godoro.

Safari hii tulichimba sentimita 30. Tukaweka kifusi cha mawe na changarawe sentimita 20, kwa tabaka mbili, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine hadi kisigino hakiachi alama. Juu yake mchanga sentimita 4, ukasawazishwa kwa ubao, na baada ya hapo hakuna kuukanyaga. Vitofali vyenyewe unene wa sentimita 6. Kandokando tukasimika mawe ya ukingo ndani ya zege, maana bila ukingo vitofali vinasambaa taratibu kwenda nje, vya katikati vinapata nafasi ya kucheza, na kila kitu kinaanza upya. Mwisho mchanga mkavu ukafagiwa juu hadi ukajaa kwenye nyufa zote. Nilikuwa nadhani mchanga ule ni wa urembo. Ndio unaovishikamanisha vitofali, kimoja kinapokanyagwa kinagawana uzito na jirani zake.

Na kabla hatujafunika, mzee aliniuliza: "Huko mbele hutataka taa? Hutataka bomba la kumwagilia upande wa pili?"

Nikasema sijui, labda.

"Labda ya leo ni kubomoa kwa kesho." Akalaza bomba mbili za plastiki za kipenyo cha sentimita 10 kukatiza njia chini ya kifusi, tupu kabisa, zimezibwa ncha zote. Akaniambia nipige picha nikiwa nimeweka futi pembeni, ili nijue zilipo. Mwaka mmoja baadaye nilivuta waya wa taa na mpira wa maji kupitia humo kwa muda wa nusu saa, bila kuinua kitofali hata kimoja. Picha zile ninazo mpaka sasa, na ndizo picha pekee kwenye simu yangu ambazo sijawahi kufikiria kuzifuta.

Haya, mimea. Najua wengi wangetaka nianzie hapa. Mimi pia nilianzia hapa.

Ile mara ya kwanza nilikwenda kwenye kitalu na kurudi na aina kumi na nne. Moja moja, mbili mbili, kila iliyonivutia macho. Matokeo yake kuingilia kwangu kulifanana na kitalu chenyewe: mtu anapita, jicho halina pa kutua. Halafu baada ya miezi michache vile vichaka nilivyovipenda kuliko vyote vilianza kupauka. Majani yakawa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Nikaongeza maji. Yakazidi. Nikaongeza mbolea ya samadi. Yakazidi tu.

Nilipochimba shina moja nione mizizi, sepetu iligonga kitu. Saruji. Mafundi wa nyumba walikuwa wakichanganyia zege pale pale na kuosha vyombo vyao pale pale, kisha wakafukia. Udongo wote wa kando ya njia ulikuwa umechanganyika na mabaki ya saruji na chokaa, na chokaa inaufanya udongo uwe wa kialkali. Mmea unakuwa na madini ya chuma ardhini lakini hauwezi kuyanyonya. Ni kama mtu mwenye njaa aliyefungiwa nje ya ghala lake. Kumwagilia hakusaidii kitu, na kwa mmea uliokwisha dhoofu maji mengi ni kuuozesha mizizi.

Hakukuwa na njia ya mkato. Tulitoa udongo kwenye mbawa zote mbili hadi kina cha nusu mita, tukaokota vipande vya saruji kama watu wanaochambua mchele, tukaingiza udongo mpya uliochanganywa na mboji. Karibu kabisa na mawe ya ukingo, ambako zege linaendelea kuachia chokaa yake na joto la vitofali linapanda mchana kutwa, tuliacha kupanda vitu vyenye kudeka. Pale niliweka mkonge-pori, majani yake yamesimama wima kama mikuki, haumwagiki njiani, haulalamikii jua, na ukiusahau wiki tatu hukuti umenuna. Wapo wanaouona wa kawaida mno. Mimi nimeshaacha kupanda vitu kwa ajili ya kuwashangaza watu.

Baina ya zile aina kumi na nne nilibakiza tatu. Mkonge-pori kandokando, ua mfupi wa majani madogo nyuma yake, na ukoka kwenye sehemu iliyobaki. Kila kimoja nilikipanda kwa wingi, kulia na kushoto sawa. Kazi ya kutunza ilipungua zaidi ya nusu, na kuingilia kukawa kumetulia.

Mimea miwili niliiondoa bila majadiliano. Boganvilia ilikuwa imepanda nguzo ya kulia na kweli ilikuwa inawaka, nakubali. Lakini matawi yake yanatoa miba, na kila tukiipogoa miba inabaki kwenye vitofali, inasubiri tairi la baiskeli au mguu wenye ndala. Ningekuwa na ukuta mbali na njia ningeipanda tena kesho. Mwingine ni mnyaa, niliokuwa nimeupanda kama uzio wa upande wa kushoto kwa sababu unashika haraka na hauulizi maji. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Kijana aliyekuwa ananisaidia kuukata alijipangusa jasho kwa mkono wenye utomvu, tukashinda bombani tunamwosha jicho huku tukisubiri usafiri wa kumpeleka hospitali. Alipona, ila siku ile sikuweza kula. Mahali ambapo watu wanapita wakisugua mabega, na watoto wanachuma chochote wanachofikia, mmea kama huo hauna kazi.

Na ile miti miwili, walinzi wangu. Ilikuwa ya jamii ya mkuyu, ile yenye majani madogo yanayong'aa, inayouzwa ikiwa imekatwa mviringo kama mpira juu ya fimbo. Niliipanda mita moja kutoka kwenye nguzo, kwa sababu kwenye mchoro ilipendeza hapo. Mti ule ukiwa kwenye ndoo hauna makuu. Ukiingia ardhini unakumbuka ukoo wake. Mwaka wa nne vitofali vya upande wa kushoto vilikuwa vimevimba kama kuna kitu kinapumua chini, na nguzo ilikuwa na ufa unaoingiza ukucha. Tulipofungua tulikuta mzizi mnene kama mkono wangu umepita chini ya njia yote ukifuata unyevu wa ule mfereji wa kukingama. Umeingia hadi ndani ya mfereji na kuujaza nywele.

Kuikata kulikuwa msiba mdogo. Mke wangu hakutoka nje siku ile. Lakini sasa tuna mti mmoja badala ya miwili, umewekwa upande mmoja tu, mita 5 kutoka kwenye njia na mbali na mabomba, aina isiyo na mizizi ya kusumbua. Tuliuchimbia shimo pana mara mbili ya lile bonge la mizizi lakini kina chake kikiwa kile kile, shingo ya mti ikabaki juu ya udongo. Matandazo tuliyazungusha kwa unene wa sentimita 7 hivi, na kuyaacha mbali na shina lenyewe kwa kiganja kizima, maana yakilala kwenye gome gome linaoza. Matawi ya chini tunayaondoa kidogo kidogo kila mwaka kadiri unavyorefuka, ili mtu aliye kwenye gari aone chini ya kivuli, asikutane na majani usoni.

Kwa yale macho ya dereva ndipo niliporudi mwisho kabisa, ingawa ndiko nilikopaswa kutokea. Baada ya siku ya baiskeli, nilikaa kwenye usukani mahali gari linapokuwa limefika kabla tu ya kuingia barabarani. Mke wangu akatembea taratibu kwenye ukingo wa barabara kutoka kushoto akiwa ameshika ndoo kwa kimo cha kichwa cha mtoto. Kila nilipoipoteza ile ndoo nilipiga honi, akasimama, tukachomeka kijiti. Tukafanya hivyo na upande wa kulia. Vijiti vilichora pembetatu mbili, kila upande mmoja, zenye mita 2 na nusu hivi kwa ndani na ndefu zaidi kando ya barabara. Ndani ya pembetatu hizo hakuna kinachoruhusiwa kuzidi sentimita 60. Si mmea tu: hata sanduku la barua, hata lile jiwe kubwa la urembo ambalo nilikuwa nimeshalilipia usafiri. Kilicho kirefu kimehamia nyuma ya mstari.

Nilijifunza pia kuegesha kwa kuingia kinyumenyume, ili asubuhi nitoke pua mbele. Hilo halihitaji bustani wala fundi, na nashangaa kwa nini lilikuwa la mwisho kunijia akilini.

Taa nizitaje kwa kifupi. Zile za juu ya nguzo, zilizokuwa zikiwaka kama mwezi, zilikuwa zinampiga dereva machoni na kuliacha giza pale miguuni. Tumeweka ndogo, kimo cha goti, zimefunikwa juu ili mwanga uanguke kwenye ukingo wa njia. Moja tumeielekeza kwenye namba ya nyumba. Hiyo namba ilikuwa imefunikwa na boganvilia muda wote, na ndiyo maana kila aliyekuja usiku alikuwa anapiga simu akiwa nyumba tatu mbele.

Bado kuna kitofali kimoja, karibu na mfuniko wa mita ya maji, ambacho kinazama kila msimu. Nimekiinua mara tatu. Nadhani bomba la pale linavuja kidogo, na nitalazimika kufungua tena. Sijaamua lini.

Kijiti kimoja kati ya vile tulivyochomeka na mke wangu sikukitupa. Nimekipaka rangi nyekundu kwenye sentimita 60, kinakaa nyuma ya geti pamoja na ufagio. Wiki iliyopita nilikisimamisha kwenye ua wa upande wa kulia. Majani machanga yamechipua, ya kijani laini kabisa, yameipita rangi nyekundu kwa vidole vitatu. Mke wangu alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

"Yaache kidogo jamani," akasema. "Yamependeza."

Barabarani kengele ya baiskeli ikalia. Mtoto yule sasa ana miaka kumi na moja, na baiskeli yake ni kubwa kuliko ile, lakini nyuma amempakia mdogo wake, kichwa kinachungulia tu kando ya mgongo wa kaka. "Shikamooni!" wakapaza sauti wote wawili, bila kupunguza mwendo. Tukaitikia. Nikaenda kuchukua mkasi.